Kabla Hamjakaa Baoni, Kubalianeni Nyumba



Siku ya pili ya Idd iliyopita, baada ya alasiri, tulipata wageni kutoka Gazi waliokuja kucheza bao barzani kwetu hapa Msambweni. Kahawa ilikuwapo, kashata ilikuwapo, na watoto wenye nguo mpya walijazana nyuma ya migongo ya wazee kutazama. Mchezo wa tatu haukumalizika. Shemeji yangu alikula kete za mgeni, akazigawa, ya mwisho ikaangukia nyumbani kwake. Akainua mkono, akasema, "Nalala."

Mgeni akamwambia, "Hakuna kulala hapo, bwana. Nyumba husafiri."

Huyu akashika lake, na yule akashika lake. Mwisho wakanigeukia mimi, kwa kuwa nimekaa barzani hapo zaidi ya miaka ishirini na ati mimi ndiye niandikaye magazetini. Nikanyamaza. Bao nalijua kwa mkono, lakini kulieleza kwa mdomo sijawahi. Hakuna aliyenifundisha kwa maneno. Nilikaa nyuma ya marehemu baba nikatazama, na kila nikiuliza niliambiwa, "Tazama."

Wageni waliondoka kabla ya magharibi. Wawili wale wamekuwa wakiuza samaki kwa mchuuzi mmoja tangu ujana wao, na hadi leo salamu yao ni ya shingo upande. Kimya changu kina sehemu katika jambo hilo. Kwa hivyo nimekwenda kuuliza wazee wa kwetu, nikampigia simu jamaa yangu aliyeko Unguja, nikasoma nilichoweza kusoma, na haya ndiyo niliyoyapata. Nayaandika kwa kijana anayetaka kujifunza, na kwa mzee anayejua lakini hajapata kuambiwa kwa nini.

Ubao na kete

Ubao una mashimo 32, safu nne za mashimo manane. Safu mbili zilizo upande wako ni zako, na mbili za ng'ambo ni za mwenzako. Kwa hivyo kila mmoja ana safu ya mbele, inayotazamana na adui, na safu ya nyuma, iliyo karibu na tumbo lake. Huna ubao? Chimba mashimo mchangani, yatafaa. Mpwa wangu wa kike alijifunza hivyo uani kwao, na sasa kakaye hamuwezi.

Kete ni 64, kila mmoja 32. Wenyewe hutumia komwe, zile mbegu za kijivu zenye kung'aa zinazookotwa kwenye vichaka vya miba karibu na pwani. Kokoto pia zafaa.

Sasa hesabu mashimo yako ya mbele kutoka kushoto kwako: la 1 hadi la 8. Shimo la 5, ambalo ni la nne ukihesabu kutoka kulia, ndilo *nyumba*. Katika mbao nyingi huchongwa mraba ili lijulikane. Shimo la 1 na la 8 ni *vichwa*. Kichwa pamoja na shimo la jirani yake huitwa *kimbi*, yaani la 1 na la 2 upande mmoja, la 7 na la 8 upande wa pili. Majina haya matatu ukiyashika, nusu ya kazi imekwisha.

Mwanzo wa mchezo, weka kete 6 nyumbani, 2 katika shimo la 6, na 2 katika shimo la 7. Hizo ni 10. Zilizobaki 22 zikae mkononi au pembeni yako. Mwenzako naye afanya hivyo hivyo kwa upande wake. Kwa kuwa kulia kwake ni kushoto kwako, nyumba yake itakabiliana na shimo lako la 4, si na nyumba yako. Kumbuka hilo, tutalirudia.

Kunamua

Mchezo una awamu mbili. Ya kwanza ni *namua*. Kila zamu yako ikifika, unatoa kete moja mkononi na kuitia katika shimo la mbele ambalo tayari lina kete. Shimo tupu haliruhusiwi. Ukisha kuitia, tazama ng'ambo. Shimo la mbele la mwenzako linalokukabili likiwa na kete, umekula. Ukiwa na pa kula, ni lazima ule. Huna hiari ya kupita.

Kula maana yake ni kuzichukua kete zote za shimo lile la mwenzako na kuzigawa upande wako, moja moja, kila shimo kete moja. Lakini hugawi kuanzia ulipolia. Waanza kwenye kichwa, cha kushoto au cha kulia, uchague mwenyewe. Ila ukila kwenye kimbi, hapo huna uchaguzi, utaanza kichwa kilicho karibu na kimbi hicho.

Kete ya mwisho ndiyo inayoamua. Ikiangukia shimo tupu, umelala, zamu ni ya mwenzako. Ikiangukia shimo la mbele lenye kete, na ng'ambo yake pana kete, umekula tena, na unaendelea kwa mwelekeo ule ule uliokuwa nao, isipokuwa kimbi kikulazimishe kugeuka. Ikiangukia shimo lenye kete ila ng'ambo ni tupu, au ikiwa ni safu yako ya nyuma, unaziinua zote za shimo hilo na kuendelea kugawa mpaka ufikie shimo tupu. Ndiyo maana mtoto anayetazama huona mkono wa mzee ukizunguka ubao mara tatu na kudhani mzee anabahatisha. Habahatishi. Alijua mkono utalala wapi kabla ya kugusa kete ya kwanza.

Zingatia mambo mawili hapa. La kwanza, huliwa safu ya mbele tu. Kete za nyuma ziko salama. La pili, hakuna kete inayotupwa nje. Katika sataranji askari aliyeuawa hutolewa ubaoni. Katika bao mateka hugeuka wako, na dakika mbili baadaye waweza kumpoteza akarudi kwao. Kete 64 zilizoanza ndizo 64 zitakazomaliza.

Kutakata

Usipokuwa na pa kula, *unatakata*. Watia kete yako ya mkononi katika shimo la mbele lenye kete, unaziinua zote za shimo hilo, na kuzigawa kushoto au kulia. Ikiwa ya mwisho imeangukia shimo lenye kete, unaendelea. Ikiangukia tupu, unalala. Zamu iliyoanza kwa kutakata huisha kwa kutakata. Hata ukipita mbele ya shimo la mwenzako lililojaa kete ishirini, huli.

Hebu tucheze kidogo. Anayeanza mchezo hana pa kula, kwa sababu mashimo yake ya 5, 6 na 7 yanatazamana na mashimo matupu. Ni lazima atakate. Tuseme ni wewe, na umetia kete katika shimo la 6. Sasa zina 3. Unaziinua na kwenda kushoto: moja nyumbani, moja shimo la 4, moja shimo la 3. Hilo la 3 lilikuwa tupu, umelala.

Umefanya nini? Umesimamisha askari mmoja shimo la 4, mbele ya nyumba ya mwenzako yenye kete 6. Zamu yako ikirudi, ukitia kete moja hapo tu, nyumba yote ni yako. Mwenzako sasa analazimika kula, na ana njia mbili: kukula shimo la 3 au kukula shimo la 4. Mwanagenzi hula popote. Mjuzi hula la 4, maana ndilo kisu kilichoelekezwa shingoni mwake. Huo ni mchezo wa pili tu tangu kuanza, na tayari mtu aweza kupoteza nyumba kwa sababu aliona kete akasahau kuona hatari.

Nyumba, palipozuka ugomvi

Nyumba si shimo kama mengine, maadamu mwenyewe hajaisafirisha, haijaliwa, na ina kete zisizopungua 6. Ikiwa katika hali hiyo ina heshima zake.

Ya kwanza: huruhusiwi kuanza kutakata kwa nyumba ikiwa una shimo jingine la mbele lenye kete. Ikiwa huna kabisa, unatia kete yako nyumbani, kisha unatoa mbili tu na kuzigawa. Wenyewe husema nyumba imetozwa kodi.

Ya pili: ukiwa unatakata na kete ya mwisho ikaingia nyumbani, umelala hapo hapo.

Ya tatu ndiyo iliyotuvunjia Idd. Ukiwa *umekula*, na katika kugawa kete ya mwisho ikaingia nyumbani kwako, na ng'ambo hapana cha kula, je, ulale au usafiri na kete zote za nyumba? Kanuni inayotumiwa na wachezaji wa Unguja na Dar es Salaam ni kuwa katika awamu ya namua, hiari ni ya mwenye nyumba. Akitaka atalala, akitaka atasafiri. Akisafiri, nyumba imevunjika, na kuanzia hapo ni shimo kama mashimo mengine mpaka mwisho wa mchezo.

Siku ile shemeji alikuwa bado na kete mkononi, na shimo lililokabili nyumba yake lilikuwa tupu. Kwa kanuni hiyo haki ilikuwa yake. Lakini mgeni hakuwa akidanganya. Alicheza alivyofunzwa na wazee wake, na mtu hawezi kulaumiwa kwa kutokujua sheria ya nyumba ya watu ambayo mwenyeji hakumsomea. Kosa lilikuwa letu sisi wenyeji. Tulimpa kahawa, tukasahau kumpa kanuni.

Na tuone kwa nini watu wazima wagombane kwa jambo hili. Nyumba ya shemeji ilikuwa na kete 14. Akisafiri, kete 14 zinazunguka karibu ubao wote wake, huenda akala mara mbili tatu. Lakini akikosa, ameitawanya mali yake na hana tena akiba. Akilala, mali iko pamoja, lakini inaonekana. Kila zamu inayopita mwenzake anatafuta njia ya kuileta kete moja mbele yake aimeze kwa mkupuo. Ukiikalia sana italiwa, na ukiitoa mapema utakosa nguvu mtaji ukifika. Hapa ndipo bingwa hutofautiana na mchezaji, na hapa ndipo nilipofahamu kwa nini baba alikuwa akinyamaza muda mrefu, kidole kikiwa juu ya shimo moja, kahawa ikipoa. Mwenye kuambiwa "hakuna kulala" amenyang'anywa uamuzi mzito kuliko wote katika bao.

Mtaji

Kete za mkononi zikiisha pande zote mbili, awamu ya pili huanza. Sasa unacheza kwa zilizo ubaoni. Unachagua shimo lako lolote lenye kete 2 au zaidi, mbele au nyuma, unaziinua na kuzigawa kushoto au kulia. Ya mwisho ikifika shimo la mbele lenye kete, na ng'ambo pana kete, umekula. Huo ndio *mtaji*, na kugawa ulichokula kwafuata sheria zile zile za kichwa na kimbi. Ikiwa mtaji upo, ni lazima uucheze. Ikiwa haupo, unatakata, na kutakata kuanze safu ya mbele. Ukikosa huko shimo lenye kete mbili, ndipo uende nyuma.

Katika awamu hii wageni wengi hupotea, maana kete za nyuma, zilizokuwa zimelala kama mzigo bandarini, sasa zaweza kuanzisha mashambulizi. Aliyejiwekea mashimo mazuri nyuma wakati wa namua, sasa ndipo anapovuna.

Nani ameshinda?

Si mwenye kete nyingi. Hili ndilo linalowashangaza wanaotoka katika michezo mingine. Ukikauka safu yako ya mbele, umeshindwa, hata kama nyuma una kete arobaini. Pia umeshindwa ukifika zamu yako huna pa kuchezea, yaani kila shimo lako lenye kete lina moja tu. Na ukimalizwa mbele wakati kete za kunamua bado zipo, hiyo huitwa kufungwa *mkononi*, na barza itakukumbusha mpaka Ramadhani ijayo.

Si mchezo wa kupotezea muda

Wapo wanaoniuliza kama bao lina neno kisheria. Mimi si mwanachuoni, na swali hilo mpelekee sheikh wako. Ninachojua ni kuwa maulamaa wa Kishafi wametofautisha michezo ya dadu, inayotegemea bahati, na michezo ya fikra kama sataranji. Bao halina dadu. Kila kete iko wazi mbele ya macho ya wote wawili. Ukitia pesa, umeligeuza kamari, na ukiachia adhana ikupite, umejidhulumu. Hayo mawili barza yetu haiyakubali. Kijana anayekesha na simu akibashiri mechi za Ulaya ndiye ningependa akae nasi saa moja, aone mchezo ambao ukishindwa umeshindwa na akili ya mwenzako, na mfukoni hukupungukiwa hata shilingi.

Nao si mchezo wa juzi. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki karibu mwaka 1840, alitunga shairi lenye bao ndani yake, na wasomaji wake walilielewa bila maelezo. Mtafiti Mholanzi Alex de Voogt alikaa na mabingwa wa Unguja, akapata udaktari wake Leiden mwaka 1995 kwa kuchunguza namna wanavyofikiri. Ndugu zake bao wametapakaa: omweso Uganda, igisoro Rwanda, bawo Malawi, mraha visiwani Komoro, na ajua kwa jirani zetu Wajaluo. Mwaka 2020 Kazakhstan, Kyrgyzstan na Uturuki zilipeleka UNESCO michezo yao ya namna hii, ikaandikwa katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Wao walikuwa na kanuni zilizoandikwa. Sisi kanuni zetu ziko vichwani mwa wazee, na kila mwaka tunazika baadhi yao.

Mambo matano kabla ya kukaa

Kwa hivyo ombi langu kwa barza zote, kuanzia Vanga hadi Diani, ni dogo. Kabla ya mchezo na wageni, mwenyeji aseme haya matano kwa sauti, na mgeni akubali au aseme lake.

La kwanza, kete ngapi ubaoni na ngapi mkononi. Tulivyoeleza ni 10 na 22.

La pili, nyumba. Hiari katika namua, au lazima kusafiri? Na mtaji ukianza, nyumba ambayo haijavunjwa itafuata kanuni gani?

La tatu, kushika. Je, ukigusa kete umecheza, au waruhusiwa kuzihesabu kwa kidole kwanza? Magomvi mengi madogo huanzia hapa.

La nne, nani anaanza na michezo mingapi ndiyo itakayoamua mshindi.

La tano, achaguliwe mzee mmoja wa kuamua, na wengine wafunge midomo. Mtazamaji anayefundisha kutoka nyuma amevunja michezo mingi kuliko nyumba ilivyovunja.

Nimeyaandika haya matano kwa mkono kwenye karatasi na kuibandika ukutani barzani kwetu. Juzi shemeji alisimama akaisoma yote, akafika la pili, akaniuliza, "Sasa wewe siku ile hukuyajua haya?" Nikamjibu ukweli, kwamba sikuyajua kwa maneno. Akanyamaza, akakaa, akaagiza kahawa.

Nimemwomba twende Gazi pamoja baada ya Ijumaa, tuchukue ubao na karatasi, na mchezo ule wa tatu tuuanze upya. Hajasema ndiyo. Ila aliniuliza kama yule bwana huwa yuko kwake alasiri.